Ichujwe Ikiwa Moto: Maisha ya Dkt. Tumpe Kalinga, 1986–2025

Tumpe Zabron Kalinga alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1986 hapa Igowole, wilaya ya Mufindi, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Zabron Kalinga na mkewe Sekela. Baba yake alikuwa mchuma chai, na nyumbani kwao chai haikukosekana hata sukari ilipokosekana.

Alisoma shule ya msingi Igowole, sekondari Iringa mjini, kisha kidato cha tano na sita Mbeya, alikomaliza mwaka 2006. Mama yake, aliyeishia darasa la nne, aliogopa kila kitu: basi, baridi, chakula cha bweni. Tumpe akirudi likizo alimwamkia kwa heshima, kisha akamcheka: "Mama, safari nimesafiri mimi, umekonda wewe!"

Baada ya shahada ya kemia, aliajiriwa kufundisha chuoni Mbeya mwaka 2011, na mwaka 2018 akapata udaktari. Kazi yake ilihusu paladiamu, metali ya bei ghali inayosaidia kutengeneza dawa. Alimweleza mama yake jikoni: kuna vipande viwili ambavyo vyenyewe havikubali kushikana. Paladiamu inakamata kimoja, inakamata cha pili, inaviunganisha, halafu inajitoa na kwenda kutafuta vingine. Wanakemia huipaka kwenye unga wa mkaa. Swali lake lilikuwa hili: je, inafanya kazi ikiwa imekaa palepale kwenye mkaa, au inayeyuka kwanza? Akachukua chujio la chai. "Tunachuja, tunatoa unga wote. Maji yaliyobaki yakiendelea na kazi, basi mfanyakazi yumo humo majini." Alipochuja kule maabara, maji yalitulia, kazi ikakoma. Akaandika kwamba kazi hufanyika kwenye mkaa, na ndivyo alivyofundisha.

Jumamosi tarehe 15 Desemba 2012 alifunga ndoa na mwalimu Samwel Magesa. Mungu aliwajalia binti, Violet.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Mbeya na Dar es Salaam, na mama yake akahamia kwake kumuuguza. Ni katika kulala kitandani ndipo mashaka yalipomjia: zamani aliacha mchanganyiko upoe kabla ya kuchuja, na paladiamu iliyoyeyuka, ikipoa, huweza kurudi kujishika kwenye mkaa. Akamwomba mwanafunzi wake Shija, kijana wa Kisukuma aliyekulia Rujewa, arudie kazi ile na kuchuja ikiwa moto. "Nataka nijue kabla sijaondoka," alisema. Mama yake alitoka nje aliposikia hivyo.

Shija alikuja mwezi Juni mwaka huu. Mama alimdaka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Majibu ni mazuri?"

"Siyo aliyoyaandika yeye, mama."

"Basi mwambie bado. Mgonjwa havunjwi moyo."

Shija akaitikia, maana hakulelewa kubishana na mtu mzima. Akaingia.

"Bado, mwalimu."

Tumpe akamtazama. "Msukuma mzima, hata kudanganya huwezi! Ulichuja ikiwa moto?"

"Moto kabisa, mwalimu."

"Na maji yake?"

Shija akamgeukia mama. Mama akashika pazia.

"Yaliendelea na kazi."

Tumpe akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kumbe nimewafundisha watu uongo miaka yote hii! Kaa hapo, andika masahihisho niwatumie wenzangu. Na wewe mama, usinifiche tena. Mimi ni mgonjwa, sijawa mtoto."

Usiku huo alikula ndizi akamaliza, jambo ambalo mama yake alikuwa hajaliona kwa muda mrefu. Masahihisho yalitumwa. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, asubuhi, Samwel akiwa amemshika mkono.

Tulipokaa kuandaa maneno haya, baadhi ya ndugu waliomba pale kwenye ugonjwa isomwe tu "aliugua kwa muda mrefu", kama ilivyo kawaida yetu. Mama yake alikataa. Alisema jina la ugonjwa litajwe, na wanawake mliokuja leo mlisikie, mkapimwe mapema.

Tumpe ameacha mume wake Samwel, binti yao Violet, mama yake Sekela, mdogo wake Obeid, na wanafunzi wake wote.

Tumpe, yote yamesomwa kama yalivyokuwa, hakuna lililofichwa. Bwana akupokee, upumzike kwa amani.