Mama Nyamaza na Kura za Chumba cha Kulala

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, binti pekee wa mpiga chapa na mshona mashuka wa hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kaka zake wanasema alianza kulea kabla hajamaliza kuota meno. Mtoto yeyote wa jirani akilia, alipelekwa kwake. Baba yangu, kaka yake mkubwa, anakiri kwamba hata yeye aliwahi kubebwa mgongoni na dada yake, ingawa alimzidi miaka minne na hakuwa mgonjwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari mpaka kidato cha pili, mama yao alipougua akarudi nyumbani kumuuguza. Hakuishia hapo. Kwa masomo ya jioni alipata cheti cha malezi ya watoto wadogo mwaka 1991, akakitundika juu ya meza ya kulia chakula. Katika ukoo huu tupo wenye diploma zilizoishia njiani, na kila tulipokaa mezani alikinyooshea kijiko. "Kidogo," alikuwa akisema, "lakini kimeisha."

Tarehe 4 Januari 1993 alianza kazi katika kituo cha kulea watoto cha kanisa, lile jengo la ukuta wa njano lenye vyoo vya kimo cha goti. Watoto walimwita Mama Nyamaza. Saa sita na nusu mchana, wakati wa usingizi, alipita kati ya magodoro kidole kikiwa mdomoni, na watoto arobaini wakazimika kama umeme umekatika.

Mume naye alimpata kwa usingizi huo. Mwaka 1995 fundi wa friji aliitwa jikoni, akaangusha spana saa ileile. Watoto wote wakaamka. Marehemu alimwekea wawili mikononi, akamwambia, "Umewaamsha, walaze." Fundi akatembea nao saa nzima. Friji ilipona wiki hiyohiyo, lakini yeye aliendelea kuja "kuikagua" kwa miezi minne. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1995, wakajaliwa binti na mwana.

Mchungaji ametuomba, kwa upole, tusizungumze sana habari za kesi yake na kituo barazani. Tumemsikia. Tutasema kidogo, maana kuruka miaka saba ya maisha ya Marehemu ni kumzika nusu.

Mwaka 2016 mlezi mwenzake wa chumba cha wachanga alifanyiwa upasuaji. Aliporudi baada ya wiki tatu, alikuta aproni yake imevaliwa na mtu mwingine. Aliambiwa kwamba pale ni pa huduma, si pa ajira, na huduma haina likizo ya ugonjwa. Marehemu alikuwa akikaa naye benchi moja kanisani. Alimfuata katibu wa chama cha wafanyakazi, akaazima kitabu cha sheria ya kazi, akakisoma jikoni huku maharage yakiungua.

Ili chama kitambuliwe, zaidi ya nusu ya walezi walipaswa kujiunga. Tatizo lilikuwa muda. Mlezi hana saa ya kukaa, ana saa moja tu ambayo watoto wamelala, na saa hiyo hukaa humohumo chumbani. Basi mikutano ilifanyika katikati ya magodoro, kwa kunong'ona, na kura zilipigwa kwa kunyoosha mkono, kimya kimya.

Siku ya kura kubwa, mlezi mmoja alikuwa na mtoto kila mkono. Akanyoosha mguu. Kabla katibu hajaamua kama mguu unahesabika, mtu mmoja alicheka, wakacheka wote, watoto arobaini wakaamka na msimamizi akaingia.

"Kuna nini humu?"

"Mkutano," alisema Marehemu. "Nimeuitisha mimi. Hawa wengine wanalaza watoto."

Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Miezi kumi na minne alikaa nyumbani, na fundi wetu wa friji anasema hajawahi kuona mwanamke akikunja nguo zilezile mara tatu kwa siku.

Katika baraza la usuluhishi, wakili wa kituo alimuuliza kama ni kweli kwamba aliwaombea watoto kabla ya uji. Akasema kweli. "Basi wewe ni mtumishi wa dini," wakili akasema, "na sheria ya kazi haikuhusu."

"Mpishi naye huomba uji usiungue," Marehemu alimjibu. "Naye ni mchungaji?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia mwenyekiti: "Mheshimiwa, mimi nampenda Mungu. Lakini mgongo unaouma ni wangu."

Tarehe 22 Juni 2018 baraza liliamua kwamba anayebadilisha nepi ni mfanyakazi, hata kama anaimba tenzi akibadilisha. Alirudi kazini, mwenzake wa aproni akarudi pia, na walezi zaidi ya nusu wakajiunga na chama. Mazungumzo ya chama na bodi ya kituo yakachukua karibu miaka mitano, kwa sababu bodi ilikuwa na kipaji cha kukosa nafasi. Mkataba ulisainiwa tarehe 3 Februari 2023. Kifungu cha tisa kinampa mlezi mgonjwa siku tisini za likizo, na aproni yake inamngoja.

Maumivu yalimzidi mwaka uliofuata. Sote tulisema ni ule mgongo wa kubeba watoto, na yeye akakubaliana nasi, ndiyo mara ya kwanza kukubaliana nasi upesi. Ilikuwa saratani ya kongosho. Alilazwa tarehe 8 Oktoba 2024. Msimamizi yuleyule alikuja wodini na fomu ya likizo.

"Umeisaini?" aliuliza Marehemu.

"Nimeisaini, dada."

"Nakala yangu iko wapi?"

Msimamizi akaitoa kwenye mkoba, kisha akaanza kulia kwa sauti. Marehemu akaweka kidole mdomoni, akaonyesha vitanda vya wagonjwa wenzake. "Utawaamsha," akasema.

Alifariki tarehe 27 Oktoba, saa saba mchana, mumewe na mwenzake wa aproni wakiwa kando yake. Alipigania siku tisini. Alitumia kumi na tisa.

Ameacha mume, binti, mwana, mjukuu mmoja, kaka wanne, na wanachama thelathini na mmoja wa tawi la kituo. Ameacha pia watoto wasiohesabika, wengine sasa wana ndevu. Wanne kati ya waliobeba jeneza leo aliwabadilisha nepi, na alituachia agizo tuwakumbushe.

Hatutapiga makofi. Anayekubali kwamba mwanamke huyu alifanya kazi, na anyooshe mkono, kimya kimya. Mwenye mtoto mikononi anyooshe mguu, leo utahesabiwa.

Mama Nyamaza, lala salama. Hakuna atakayekuamsha.