Risala ya Wakazi wa Mtaa wa Cawder Juu ya Nyumba ya Uzazi Iliyokuwa Ibomolewe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Rosalind Tetley, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mji wa Askwell, mchungaji wetu, mafundi na majirani:

UKARIBISHO
Karibu sana. Ahsante kwa kuja na mvua hii. Chai ipo, keki ya tangawizi ipo, na kiti ulichokalia tumekijaribu kwanza, hakiyumbi.

HISTORIA
Nyumba hii aliijenga tajiri wa kiwanda cha sufu mwaka 1874, enzi ya Malkia Viktoria. Binti yake akaitoa iwe nyumba ya uzazi, na kwa miaka hamsini wake wa wafumaji walijifungulia humu. Kisha ikafungwa, paa likavuja, na miaka miwili iliyopita halmashauri yako ikaamuru ibomolewe.

Asubuhi ya kubomoa, tingatinga lilimkuta Bi. Hilda Sugden langoni, mfumaji mstaafu wa miaka sabini na minne, akipita kwenda kununua mkate. Akasimama katikati ya lango.

"Bibi, sogea kidogo tufanye kazi," akasema msimamizi, Bw. Garside.

"Wewe mama yako alikuzalia wapi, mwanangu?"

Garside akatazama madirisha ya juu. "Humu humu."

"Haya, anza na chumba hicho, nikuone."

Akazima mashine. "Nitasema injini imekufa," akamwambia. "Lakini haiwezi kukaa imekufa kupita kesho."

Ameturuhusu kulisema hili mbele yako. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa langoni, na halmashauri ikatupa miaka miwili ya kuikarabati.

MAFANIKIO
Madirisha kumi na tisa kati ya ishirini na mawili yanafunguka. Mbao zote zilizooza tumezitoa. Bi. Hilda, ambaye hakuwahi kushika mwiko wa fundi, alijifunza kuchanganya chokaa. Ukuta wa ngazini aliupiga lipu mara tatu. Mara mbili lipu ilimwangukia. Ya tatu iliposhika, aliketi akalia, nasi tukajifanya tunatafuta misumari. Bw. Garside huja kila Jumamosi na majukwaa yake ya ujenzi.

CHANGAMOTO
Paa la kaskazini bado ni turubai. Fundi wetu wa vigae vya mawe ni mmoja, na goti lake halimtaki tena juu. Muda uliotupa unakwisha Ijumaa.

MAOMBI
Kwanza, amri ya kubomoa ifutwe, isiahirishwe. Ni vigumu kuupamba ukuta uliopangiwa siku ya kufa. Pili, utuazime mafundi wawili wa paa kabla ya theluji. Kazi iliyobaki tutaimaliza wenyewe.

La tatu ni la Bi. Hilda. Utasamehe, hayupo hapa chini. Yuko ghorofani anapiga lipu chumba alimozaliwa. Tulimwambia mgeni amefika. Akajibu, "Chokaa haingoji mgeni. Mwambieni apande."

Tunakuomba upande, Mheshimiwa. Ngazi ni imara.

Mungu akujalie afya, aibariki Askwell na kila mkono wenye chokaa.

Ni sisi,
Umoja wa Wakazi wa Mtaa wa Cawder