Mwalimu Zdravka Doykova, Aliyefundisha Mdomo Kuomba

Marehemu Zdravka Ilcheva Doykova alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 mjini Sevlievo, mtoto wa pili wa fundi viatu Ilcho na mkewe Penka. Alisoma hapa hapa, kisha akahitimu ualimu wa chekechea mjini Pleven mwaka 1972. Kukaa kitako hakukuweza. Hata supu aliinywa amesimama.

Alifundisha chekechea ya mtaa wa chini kwa miaka thelathini na saba. Mwaka 1981 aliletewa Ognyan, wa miaka minne, aliyeng'ata kila aliyeshika kitu akitakacho. Mkuu wa chekechea aliamuru afungiwe stoo.

"Akilia humo atajua adabu."

"Basi tufungie sote wawili," Zdravka alimjibu, akaketi sakafuni na mtoto.

"Ulitaka lile gari?"

"Nalitaka!"

"Meno hayaombi, baba. Mdomo ndio unaomba."

Ognyan aling'ata siku tatu zaidi. Siku ya nne alimwendea mwenzake mdomo wazi, walimu wakashika roho mkononi, naye akasema, "Nipe na mimi." Zdravka alikuwa ameshapewa onyo la maandishi kwa kumkaidi mkuu.

Tarehe 14 Septemba 1974 aliolewa na Metodi Doykov, dereva wa basi, wakajaliwa Rumyana na Kalin. Familia imekubaliana kutoficha jambo hili: subira yake iliishia kazini. Nyumbani alishika mkanda.

"Watoto wa watu unawaketia chini," Kalin alimwambia akiwa na miaka kumi na mitano. "Mimi unanicharaza."

Mwaka 2001 Kalin alihamia Ureno, na simu zake zikawa za Pasaka tu.

Moyo ulianza kumsumbua marehemu mwaka 2022. Wodini alizunguka vitanda mpaka wauguzi wakamlalamikia. Januari mwaka huu alimpigia Kalin mwenyewe.

"Mwanangu, nilikupiga nikaita malezi. Nilikosa. Nisamehe."

"Kwa simu siwezi, mama. Nakuja."

Kalin alikata tiketi ya Ijumaa, tarehe 23 Februari. Mama alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 22 Februari 2024, saa nne asubuhi, koti likiwa begani, akimsihi muuguzi amruhusu kwenda uwanja wa ndege kumsubiri Kalin siku moja mapema.

Ameacha mume, Metodi, binti, Rumyana, anayesoma wasifu huu, wajukuu watatu, na Kalin, aliyesimama hapa kando ya jeneza, na ambaye jana tulipotaka kufuta humu habari ya ule mkanda alisema, "Uacheni. Na pale alipoomba msamaha, someni kwa sauti."

Mungu ampokee kwa amani. Sisi bado hatujatulia.