Jukwaa Lililofungwa Mvuani

Sogeeni karibu, wanangu, wala msiniambie nipumzike, maana huko niendako nitapumzika sana. Tofayel mwanangu, kaa hapa ubavuni. Kohinur mama, binti yangu, weka chini huo uji wa mchele, hautapita tena. Nawe Jasim, mtoto wa marehemu mdogo wangu Hatem, usijitenge kama mgeni. Mimi ndiye niliyekulea.

Mnasikia bati linavyolia kwa joto? Mvua imekatika, jua limetoka baada ya siku tisa, na huko nje Dhaka nzima inaanika nguo na kucheka, ila mimi natetemeka, kwa sababu kesho asubuhi nyinyi vijana wawili mtapanda ghorofa ya saba juu ya jukwaa la ujenzi la mianzi mlilolifunga mvuani.

Sikilizeni. Kamba ya makumbi ikilowa huvimba ikakaza, fundi akaivuta akaona imeshika. Jua likiipiga siku moja tu, hunywea, na fundo likabaki limeuvaa mwanzi kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto. Ukiwa chini huoni kitu. Basi msipande kabla hamjalifunga upya kila fundo, mkianzia chini, na nyapara akiwakebehi, "Leo mmekuwa mabibi harusi, mnasubiri kubebwa?" mwambieni ndiyo, tunaogopa. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Na mikanda ya usalama mkipewa, ifungeni kwenye nguzo ya zege, si kwenye mwanzi, maana ukianguka, mwanzi nao unakuja.

Mianzi yangu na kisu cha kukatia kamba ni vyenu wawili, sawa kwa sawa. Chumba hiki cha mabati ni cha Kohinur, na asije mtu kumsumbua.

Nipeni maji... yatosha. Jasim, linalobaki ni lako.

Umekua ukiambiwa baba yako alianguka kwa sababu nyapara Lokman alimharakisha, na miaka kumi na minane umemchukia mzee wa watu hata salamu yake huipokei. Mficha maradhi kifo humuumbua. Desturi yetu wafunga mianzi unaijua: aliyefunga ndiye apandaye kwanza. Jukwaa lile nililifunga mimi, mvuani, na asubuhi jua lilipochomoza nikagusa fundo, kidole kikapita. Kilipita, Jasim! Nikaona haya kusema mbele ya watu kwamba kazi yangu, mimi fundi Mofazzal, imelegea, na kupanda mwenyewe nikaogopa. Hatem akaniuliza, "Kaka, hupandi?" Nikamwambia, "Tangulia, namalizia sigara." Akacheka, "Uzee huo, kaka!" akapanda, akiwa bado anacheka. Watu walisema ajali haina kinga, nami nikaitikia pamoja nao, kumbe kinga ilikuwa mdomoni mwangu.

Usidhani nilikulea kwa wema tu. Nilikulea kwa hofu; kila ulipocheka, nilimsikia yeye.

Nendeni kwa Lokman, mkamwombe radhi kwa ajili yangu, hata kama atawafukuza. Nizikeni nyumbani Gaibandha, lakini pembeni, mbali na Hatem, sistahili kulala karibu naye. Msinifanyie karamu. Na wewe, Jasim... mbona unavaa kandambili? Haya, nenda, mwanangu, sikuzuii. Nichukie. Usije hata mazikoni. Lakini jukwaa lile la kesho ni wewe uliyeongoza kulifunga, na wa kwanza kupanda ni wewe. Tia kidole kwanza. Kikipita, sema. Sema, hata wakikucheka wote, hata wakikunyima kibarua.

Mungu awashushe chini salama... kila jioni... nyinyi na watoto wenu...

Tofayel. Ameshatoka? Mbona sioni? Mkimbilie, baba. Niache mimi, mkimbilie... sidhani kama amesikia hilo la kidole.