Asubuhi Ambayo Kaka Mbuzi Hakukaguliwa

Wasikilizaji wapendwa, habari za saa hizi. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama unafua, acha nguo ziloweke. Leo tunamkumbuka kiongozi wa wapanda mlima, yule tuliyezoea kumwita Kaka Mbuzi. Na kabla sijaenda mbali, niseme jambo moja ambalo limepotoshwa sana mtaani. Kaka Mbuzi hakuanguka. Narudia, hakuanguka.

Kwa ambao hamjawahi kufika kule kwenye ukuta, nieleze kidogo. Ni jabali limesimama wima. Limepigiliwa vyuma vya kukanyagia, na waya mnene wa chuma umepita kando yake kutoka chini hadi juu. Unavaa mkanda wa kiunoni na mapajani. Mkanda una kamba mbili fupi, na kila kamba ina kulabu mwishoni. Kulabu zote mbili unazitia kwenye waya. Ukifika mahali waya ulipofungwa kwenye jiwe, unahamisha moja kwanza, ndipo unahamisha ya pili. Ukizitoa zote kwa pamoja, shauri yako.

Kaka Mbuzi aliwapandisha watu pale tangu ndevu zake hazijaota. Aliwapandisha wanafunzi, maharusi, hata fundi mitambo wetu hapa studio, na kitambi chake kile, akarudi anatutambia wiki nzima. Jina la Mbuzi alipewa na wateja, kwa jinsi alivyorukaruka mawe. Mama yake hakulipenda. "Nilizaa mtoto," aliniambia, "watu wakanirudishia mbuzi. Na mwenyewe anaitika!"

Chini ya ukuta kuna kibanda cha vifaa. Anayekisimamia ni mdogo wake, wa tumbo moja. Kazi yake ni kukagua. Hakuna anayegusa waya kabla hajakaguliwa: unasimama mbele yake, unanyanyua mikono kidogo, anauvuta mkanda wako mara mbili, anakuangalia usoni. Hata kiongozi anakaguliwa. Kaka Mbuzi ndiye aliyekuwa wa mwisho kila siku. Mdogo anavuta mara mbili, anasema, "Nenda ukarudi." Mkubwa anajibu, "Niwekee chai." Miaka yote ilikuwa hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni. Siku moja kabla ya msiba, mdogo alimleta mchumba wake kibandani. Kaka Mbuzi, kwa utani wake usio na breki, akamsimulia binti wa watu jinsi huyo bwana alivyopanda mara moja tu maishani, akakwama kwenye ngazi ya chuma, akalia akimwita mama. Wateja walicheka hadi wakashika mbavu. Mchumba naye akacheka. Mdogo hakucheka. Kesho yake ndugu hao waliamka wamenuniana, hata salamu hakuna.

Asubuhi hiyo mdogo aliwakagua wateja wote, mmoja mmoja. Mwalimu mmoja wa shule, aliyekuwa kwenye msafara ule, alinisimulia hivi: "Kiongozi wetu akaja kusimama mbele ya mdogo wake. Akanyanyua mikono. Akangoja. Mdogo akageuka, akaanza kupanga helmeti. Basi kiongozi akajivuta mkanda mwenyewe, akacheka kidogo, akasema, haya, twendeni, leo bosi kanuna."

Walipanda vizuri. Karibu na kilele, wateja wakiwa wameshakaa mahali pa kupumzikia, Kaka Mbuzi alisema ngoja avute pumzi. Akaegemea jiwe, kulabu zake zote mbili zikiwa kwenye waya. Hakuinuka tena. Daktari alisema ni moyo. Moyo, wasikilizaji, si mkanda! Kwa hiyo nyie mnaokaa vibarazani mkisema mdogo kamuua kaka yake, mkome. Mkome kabisa.

Na wateja walipopiga simu chini, mnajua nani alipanda wa kwanza kumfuata? Huyo huyo mdogo, aliyelia kwenye ngazi. Alipanda ukuta mzima akitetemeka, anahamisha kulabu moja, anahamisha nyingine.

"Nilimkuta mkanda umemshikilia, kama mtu aliyesinzia," aliniambia. "Nikauvuta mara mbili. Ulikuwa umekaza vizuri kabisa. Hapo ndipo nilipolia."

Nikamwambia, basi ndugu yangu, huna kosa. Akanikatalia.

"Daktari kasema, polisi wamesema, na wewe sasa unasema. Mimi nilimwona amenyanyua mikono. Nilimwona kwa pembe ya jicho, nikajitia niko bize na helmeti. Nilitaka angoje. Nilitaka na yeye aumie kidogo. Chai nilimwekea, bwana. Ila yeye hakujua."



Tangu mazishi hajafungua kibanda. Anavaa viatu asubuhi, anakaa sebuleni, haendi popote. Juzi nilikuwa kwao na kinasa sauti changu. Mama alikuwa anatoka kwenda kliniki kuchukua dawa zake za presha, mkoba begani. Akafika mlangoni, akarudi, akasimama mbele ya mwanawe. Akanyanyua mikono.

"Nikague, natoka."

"Mama, huna mkanda."

"Kwani nimekuuliza habari za mkanda?"

Kijana akainamisha kichwa. Mama hakushusha mikono. Bega lake moja lina maumivu ya siku nyingi, nilimwona akikunja uso, lakini hakuishusha. Mimi niliona aibu hata kupumua. Mwishowe kijana akainuka, akashika ukanda wa mkoba, akauvuta mara mbili. Akamwangalia mama yake usoni.

"Nenda ukarudi," akasema.

"Niwekee chai," mama akajibu, akatoka.

Alirudi. Chai aliikuta, ya moto.

Kwa mama yetu huyu, kwa mdogo wa marehemu, na kwa mchumba ambaye hadi leo anajilaumu kwa kicheko chake: poleni sana. Sisi wa redio tunalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe Kaka Mbuzi, ambaye hakuanguka.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, sina hotuba ya kuwapa. Lakini kama kuna mtu umemnunia, na leo amekuja kusimama mbele yako anangoja, tafadhali, usipange helmeti.