Ukiizima, Majina Yanalala Wapi?

Kijiwe chetu kiko nje ya bucha ya Suleiman hapa Embu. Suleiman tunamwita Mizani, kwa sababu hapimi maneno hata siku moja. Asubuhi hiyo Yasser, fundi wa kompyuta, alikuja na laptopu na uso wa msiba. Kina mama wa Kiritiri wana mikebe mia mbili ya mbegu walizoachiwa na nyanya zao. Yasser aliwashawishi wafute maandishi, kila mkebe ubaki na namba tu. Majina yote aliyaweka kwenye databesi, hifadhi ya ndani ya laptopu: unaipa namba, inakupa jina la mbegu na la mwenyewe. Sasa mvua inakaribia, na databesi inatoa jina moja kwa dakika kumi. Nilimwonea huruma, lakini kahawa sikuacha.

— Si ufungue uangalie ndani? aliuliza Spana, fundi wa mashine za kusaga posho.

— Haifunguki, buda. Databesi iko ndani ya kontena, kama kisanduku cha programu kilichofungwa, na humo nilitoa kila kitu kingine. Hakuna hata amri ya kuangalia faili. Ni databesi peke yake.

— Ya nini hiyo yote?

— Iwe ndogo. Na mwizi akiingia asipate kifaa cha kutumia.

— Na wewe mwenyewe?

— Pia mimi sipati.

— Hapo umecheza poa, alisema Mizani. Mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo methali haiko hapo, nilimwambia.

— Iko, ni wewe huioni.

— Mimi nasema ni joto, alisema Spana. Injini bila tundu ya kupumua inakwama.

— Joto gani? Hizo mbegu zimenusa mvua! Zimeota huko ndani, mizizi imeshika waya.

— Mizani, mbegu ziko Kiritiri. Hapa ni majina tu.

— Na jina si ndio mbegu? Ukiita mtoto jina ya guka, babu yake, si guka amerudi?

Hapo hata Yasser aliacha kubonyeza akafikiri.

— Wachana na guka, alisema Spana. Mashine yangu ikileta kiburi nazima, nawasha.

— Hata mimi naona hivyo, alisema Yasser. Ikiamka itakuwa na mbio.

Akaweka kidole kwenye kitufe cha kuzima. Ndipo akafika Angeline, mwenyekiti wa wale kina mama, na mkebe namba arobaini na moja kwenye kiondo. Tukamweleza.

— Yasser, mwanangu, ukiizima, majina yanalala wapi?

— Yanalala...

Alimtazama Spana. Spana akatazama kikombe.

— Kuna diski ya nje ya kuyaweka. Nilisema nitaiunganisha kesho. Kwa sasa yako ndani ya kontena tu, nikizima yanafutika.

— Kesho ya lini?

Yasser akaondoa kidole polepole.  Mizani akainuka akararua karatasi ya kufungia nyama, akampa Angeline pamoja na kalamu.

— Ita namba moja, Angeline alisema.

Tukangoja. Kahawa ikapoa.

— Pojo, Yasser alisoma hatimaye. Ya Beth.

Angeline akaandika.

— Namba mbili.