Fulashi Iliyobaki Mfukoni

Bandugu na badada, majina ya watu nitayaacha nje ya mlango huu wa kanisa. Ubaya nitakaousema ni wangu, na wengine hawana sehemu ndani yake.

Asubuhi moja niliondoka Manguredjipa bila mpango. Shule nilikuwa nimeiacha katika primaire, shule ya msingi, nikachimba dhahabu, nikachoka, nikapanda lori la mbao kwa sababu tu lilikuwa limesimama mbele yangu. Likanishusha Butembo. Mimi ni mtu wa kuuliza. Niliingia mahali wanapotengeneza kompyuta kuuliza kwa nini moja inanguruma, nikabaki hapo miaka mitatu. Kuandika programu nilijifunza kwa kuharibu za wengine.

Baadaye mukubwa mmoja akanipa kazi. Alikuwa na bureau mbili, ofisi ya Butembo na ya Beni. Tulimwandikia programu ya vituo vya afya: muuguzi anaingiza kilo za mtoto, mashine inamwambia ampe dawa kiasi gani. Upande wa Beni alikuwa dada mmoja wa mtaa wa Bungulu, mwenye akili kunizidi.

Mama zangu msiojua kompyuta, msisinzie. Programu inatunzwa ndani ya depo, na depo inashika kila badiliko: nani alibadilisha nini, na siku gani. Sisi tulikuwa na depo mbili, yake na yangu, maana connexion ya interneti huku inakuja inapotaka. Ni kama kwaya mbili zenye daftari moja la nyimbo lililonakiliwa. Hawa wakirekebisha ubeti, wale lazima wajue, la sivyo siku ya kuimba pamoja ni aibu. Kazi ya kuzifananisha depo ilikuwa yangu. Connexion ikikatika, dada aliweka kazi yake kwenye fulashi, akampa motard wa pikipiki, ikanifikia Butembo. Sheria ilikuwa moja: fungua kwanza ya mwenzako, unganisha na yako, ndipo utume.

Wiki moja Beni wakafanya ville morte siku tatu. Mnajua wenyewe: maduka yamefungwa, pikipiki hazitembei, kila mtu yuko kwake. Barabara ilipofunguka, motard akaniletea fulashi. Nikacheka.

"Batu ya Beni balilala siku tatu," nikamwambia. "Huyu ananitumia usingizi?"

Nikaitia katika mfuko wa jaketi. Siku hiyo hiyo connexion ikarudi, na mukubwa alikuwa na wageni wa kuonyeshwa kazi. Nikatuma yangu kwenye depo ya Beni. Mashine ikakataa: kule kuna kazi ambayo wewe huna. Nikarudia, ikakataa tena. Kuna amri ya kulazimisha. Ukiiandika, kazi ya mwenzako inafutwa na yako inakaa mahali pake. Niliiandika nikiwa na mkate mdomoni.

Dada akapiga simu.

"Kaka, machine yangu inagombana na depo. Historia hazifanane."

"Futa dossier yote, uchukue upya kwangu."

"Lakini ulifungua fulashi yangu?"

Ndugu zangu, nawaambia, hapo neno moja tu la kweli lingetosha.

"Nilifungua. Futa, bageni bako hapa."

"Sawa, kaka."

Akafuta kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa sikilizeni nilichokifuta. Katika siku zile tatu muuguzi mmoja alimpigia simu dada, akamwonyesha kwamba jedwali letu linawapa watoto wadogo sindano fulani mara mbili ya kipimo kinachofaa. Dada akakaa nyumbani akalisahihisha. Mimi nikalirudisha kosa. Katika kituo kingine, mtoto wa miaka mitatu alichomwa sindano ile siku saba, kwa kipimo chetu. Homa ikaondoka. Masikio nayo yakaondoka.

Mukubwa alituita. Dada akasema, "Miye nilisahihisha. Nilitia na kwenye fulashi." Wote wakanigeukia. Jaketi lilikuwa mwilini mwangu.

Nikasema, "Depo haidanganye. Tufungue historia."

Tukafungua. Wiki ile jina lake halikuwamo hata mara moja. Mwenzetu mmoja akamcheka: "Ville morte na kazi, wapi na wapi?" Mukubwa akamwambia aache ufunguo wa bureau mezani. Dada hakulia. Alipofika mlangoni akanigeukia.

"Kaka, weye unaulizaka kila kitu. Fulashi yangu, mbona hauulizi iko wapi?"

Akatoka. Kweli, mimi niliyewahi kumuuliza pasta Mungu anaota kwa lugha gani, kwa miezi minne sikuuliza kitu kilichokuwa juu ya kifua changu. Nilikuwa najua sijaifungua. Kilichomo ndani, sikutaka kukijua. Na jaketi nililivaa kila siku, wala si kwa sababu ya baridi.

Halafu nikatumwa kwenye kile kituo kuweka kompyuta mpya. Uani nilimwona mama amepiga magoti nyuma ya mtoto, anapiga makofi. Mtoto anapanga maganda ya maharagwe chini. Mama anasogea, anapiga tena, karibu na sikio. Mtoto anapanga maganda. Muuguzi akaniambia, "Kila akija anafanyaka vile. Anasema siku moja atageuka."

Nikaingia ndani, nikachomeka fulashi. Ndani, juu ya yote, dada alikuwa ameandika: "Kaka, batoto chini ya kilo kumi na tano, nimetengeneza. Anza na hii."

Nilirudi uani nikamwambia mama ni mimi.

"Sema mbele yake," akasema, akamgeuza mtoto. "Hasikie, lakini anaangaliaka midomo."

Nikasema yote, tangu mkate mpaka jaketi. Mtoto alinitazama mdomo mpaka mwisho, akacheka, maana midomo yangu ilikuwa inatetemeka. Mama hakucheka.

Nikaenda kwa mukubwa nikasema tena. Akamwita dada, akamrudishia ufunguo, na mimi akanifukuza mbele yake. Nikamfuata dada nje.

"Usiniombe kitu," akasema. "Nikuulize miye leo. Ile miezi ine, ulikuwa unalala?"

"Nililala."

"Basi na leo utalala. Enda."

Kesho yake niliondoka na begi moja, tena bila mpango, tena kwa lori lililosimama mbele yangu. Likanishusha hapa Lubero, baridi inauma. Mama mmoja wa viazi, yuko kati yenu leo, akaniuliza nitalala wapi, na kule nilikotoka nilifanya nini. Nikamwambia yote mawili: sijui, na hili mlilolisikia. Akafikiri.

"Chumba iko," akasema. "Mulango haifungi muzuri. Ukitaka kukimbia tena, hautasumbuka."

Mama, aksanti. Sikukimbia. Aksanti kwa mama wa yule mtoto pia, ambaye makofi yake yaliniamsha bila yeye kujua, ingawa hayakuwa yangu. Na kwa dada: mukubwa alipokosa mtu wa kazi akafikiria kunipa tena nikiwa huku Lubero, dada ndiye aliyemwambia, "Apewe, lakini kila anachoandika kipitie kwangu."

Somo langu ni dogo. Kabla hujatuma chako, pokea cha mwenzako. Mashine ikikukatalia, uliza kwa nini. Na usimwambie mtu afute kabla wewe hujatazama.

Masikio ya mtoto hayajarudi, sitawadanganya. Dada hajanitumia salamu. Ila Jumanne motard alifika na fulashi kutoka Beni. Niliifungua hapo hapo barabarani, kompyuta juu ya gunia la viazi, mvua inaanza. Kulikuwa na neno moja: "Mustari wa kumi na mbili, umekosea."

Nikatazama. Kweli, nilikuwa nimekosea.